Aliyekalia Kifuniko cha Choo

Uligeuza uso. Usibishe, nilikuona. Wafungwa wa mnyororo walipokata kona ya duka la Akbarali jana asubuhi, wamefungwa shingo kwa shingo, madebe mikononi, wewe uliyekuwa barazani ukipepeta mchele uliingiza ungo ndani. Na wewe jirani yake, uliyekuwa ukimfunga mbuzi, ghafla uliona fundo lile halifai, ukainama kulifungua na kulifunga tena na tena, mgongo njiani. Madirisha ya mtaa mzima yakafungwa kana kwamba mvua inakuja. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha tangu alfajiri.

Jioni nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza. Mkanijibu kwa neno moja, utadhani mmefundishwa chuoni: "Tuligeuza uso kwa heshima. Mtu na mkwewe hawatazamwi."

Heshima. Nimeichoka heshima yenu. Ndiyo hiyo mliyompa mzee Kibwana siku boma lilipovunja nyumba yake kupisha barabara, mkasema si adabu kumtazama mtu mzima akilia. Ndiyo mliyowapa vijana waliopelekwa mlimani kuchimba ulanga wasirudi. Wapo wanaosema mimi nina kinyongo. Sawa, ninacho. Katika mji huu asiye na kinyongo ni yule asiyekumbuka kitu.

Basi kwa kuwa hukutazama, nitakueleza ulichokikosa. Ukishakijua hutaweza tena kusema hukujua.

Nyumba ya Bibi Chausiku iko chini ya mteremko, mgongo wake umeelekea kijito cha Kikundi. Aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake; ndivyo mali ya Waluguru inavyokwenda, kwa tumbo la mama. Shamba la ukoo lilikuwa juu, kwenye ukungu. Sasa limepandwa kahawa na Mzungu, na wenyewe wakitaka kulikanyaga lazima wawe na kikapu cha kuchumia mgongoni. Kwa hiyo nyumba ile ndiyo kitu pekee kilichobaki mkononi mwa ukoo mzima. Bibi Chausiku hujua hivyo kila anapoifagia. Nimemwona akifagia hata mahali pasipo na taka.

Nyuma ya nyumba, baada ya migomba, kuna choo. Shimo lilichimbwa na marehemu mume wake, refu, la mtu aliyejua kuchimba, likafunikwa magogo yaliyokandikwa udongo. Masika ya mwaka huu unayajua. Maji yalipanda ardhini, shimo likajaa, likaanza kutokwa jasho upande wa chini, upande wa kijito. Tulinusa sote. Hapo pia mligeuza uso, lakini hilo nawasamehe, hata mimi niligeuza pua.

Kisha Bwana wa boma akapita na fimbo yake na kitambaa puani. Hakuingia. Alisimama pale kwenye migomba, akaonyesha kwa fimbo, mkalimani akasema: shimo liwe tupu kabla Bwana hajapita tena siku ya Ijumaa, au nyumba itavunjwa na mwenyewe atafute pa kwenda. Akaongeza: ni marufuku mtu yeyote mjini kuchimba shimo jipya, ni marufuku kufungua la zamani, isipokuwa yule mwenye ruhusa ya boma. Atakayefungua bila ruhusa atalazwa chini, viboko hamsa ishirini.

Mwenye ruhusa ni mmoja, mji mzima. Hatibu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo jambo lilipopotea. Kabla Bibi Chausiku hajakwenda kwa Hatibu, Mihambo alimjia. Mihambo Mnyamwezi, muuza mkaa, yule aliyekuja na kazi ya reli, na reli ilipoendelea kwenda kwao Tabora yeye akabaki hapa, akasema amechoka kuikimbiza. Mnyamwezi kwa Mluguru ni mtani, na mtani, unajua, hakuna kazi chafu anayoikataa nyumbani kwako. Alisimama uani, mkaa mpaka kwenye kope.

"Bibi Chausiku," akasema, "nimesikia una mzigo."

"Umesikia au umenusa?"

"Vyote. Mimi mtani wako. Ukifa, ni mimi nitakayeshuka kaburini kukupokea, huku nakutukana na kulia. Basi kama nitaubeba mwili wako mzima, nitashindwaje kubeba kipande?"

Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi. Bibi Chausiku alijifunika mdomo kwa ncha ya kaniki, lakini mabega yalikuwa yakicheka.

"Toka kwangu, mla panya! Nikikuruhusu leo, mpaka siku ya kiyama nitasikia habari za shimo langu. Harusini utasema. Matangani utasema. Utalitungia na ngoma."

"Ngoma nimekwisha itunga. Imepungukiwa na waitikiaji tu."

"Toka!"

Alitoka akicheka, na Bibi Chausiku akabaki na uamuzi wake. Aliniambia mimi, usoni hana tena kicheko: "Rehani, mimi mjane. Nikikosea hata kidogo wataipata sababu. Nitafanya kwa sheria. Nitamwajiri mwenye cheti, aje na watu wa mbali wasionijua, wafanye kazi yao waende zao. Hakuna wa kunitania, hakuna wa kunishitaki."

Nilimwona ana haki. Nawe ungemwona ana haki. Mtu anayeogopa kutaniwa maisha yake yote na mtani hutafuta mgeni.

Akaenda kwa Hatibu. Hatibu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. Mtu mbaya angenipa nguvu. Anachechemea mguu mmoja tangu alipokuwa mpagazi. Kifuani ana bamba la shaba lenye ndege wa Mdachi, na cheti chake amekitia ndani ya kipande cha mwanzi kilichozibwa nta, kisilowe. Kila mtu akimjia hukitoa, hukikunjua, hukionyesha hata kwa asiyejua kusoma.

"Ruhusa ninayo, mama," alimwambia. "Watu ndio sina. Kila mwenye mikono yuko kwenye pamba, kwenye reli, au mlimani kwenye ulanga. Nani atakuja kushika debe?"

"Mwanangu, Bwana amesema Ijumaa."

"Bwana amesema. Bwana husema. Mimi ndiye wa kutenda."

Alirudi nyumbani, akaenda tena. Mara Hatibu anaumwa mguu, mara madebe yamechukuliwa hospitali, mara njoo kesho. Wewe mwenyewe umewahi kumngoja Hatibu, unajua. Mwenye cheti hana haraka, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumkimbilia. Alichukua ujira wake mbele, akachukua na jogoo juu yake, na Bibi Chausiku akaendelea kwenda na kurudi matopeni, kanga imelowa mpaka magotini, mpaka juzi jioni Hatibu alipomwambia: "Kesho asubuhi. Nimepata watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye nguvu, mama. Wewe andaa majivu."

Yeye akaandaa na chakula. Unacheka? Ndivyo alivyolelewa. Kwake mtu akikushikia kazi, hata kazi ya namna ile, hula kwako kabla hajaondoka. Jana tangu alfajiri alikuwa na chungu kikubwa cha makande jikoni, nami nilikuwa pale nikimsaidia kukoroga, na Mwanaasha bintiye akichambua kisamvu na mtoto mgongoni. Bibi Chausiku alikuwa na furaha. Sijamwona na furaha hivyo tangu masika yaanze. Alisema, "Leo yanakwisha."

Lazima nikukumbushe habari za Maneno, mume wa Mwanaasha. Alikuwa akibeba ulanga, yale mawe yenye kurasa nyembamba zing'aazo ambayo Mzungu huyachimba juu huko, kuyateremsha mpaka stesheni. Siku moja ya mvua, njiani, alipewa habari kwamba mwanawe ana degedege. Akaushusha mzigo kando ya njia, akaweka na kata yake ya kichwani juu yake ili ijulikane ni wa nani, akakimbia nyumbani. Mtoto alipona. Mzigo haukuonekana. Maneno alikamatwa mlangoni mwake, na tangu hapo hatukujua yuko wapi. Wengine walisema Kilosa, wengine pwani.

Na Maneno alikuwa mkwe kweli kweli, wa kizamani. Tangu amwoe Mwanaasha hajawahi kupita nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake. Akija kumsalimu huketi mbele, huongea naye kupitia ukuta wa fito, uso ameuelekeza barabarani. Akibanwa, hushuka mpaka ng'ambo ya Kikundi, vichakani, hata usiku wa mvua. Kutumia choo kimoja na mama mkwe ni jambo lisilosemeka. Naye Bibi Chausiku akisikia kikohozi cha Maneno barazani, hata awe na haja namna gani, hajongei kwenye migomba mpaka mkwe aondoke. Wamekaa hivyo miaka yote, na kila mmoja akimwombea mwenzake kwa Mungu. Hayo ndiyo mapenzi yao.

Mlio wa chuma ulinitoa jikoni mpaka barabarani, ndipo nilipowaona ninyi mkigeuza uso. Basi mnyororo ukaingia uani.

Hatibu mbele, anachechemea, bamba limesuguliwa. Askari mmoja wa boma nyuma, bunduki begani na kiboko mkononi. Katikati wale watu, chuma shingoni, na kutoka chuma hadi chuma mnyororo. Bibi Chausiku alitoka jikoni na upawa mkononi kuwakaribisha. Akasema, "Karibuni, wanangu, poleni na kazi." Na wa tatu kutoka mbele akainua macho.

Ungetazama, ungeona. Maneno alifanya kile alichofanya siku zote akikutana na mama mkwe wake njiani: aligeuka, ampe mgongo, atoke njiani. Lakini shingo yake haikuwa yake. Alipogeuka, mnyororo uliwavuta wa mbele na wa nyuma, mmoja akaanguka magoti, debe likabingirika mpaka kwenye jiko, na wote wakaanza kutukana bila kujua wanamtukana nani. Bibi Chausiku aliushusha ushungi mpaka kidevuni, akarudi nyuma, akarudi, mpaka mgomba ukamzuia. Upawa ulikuwa bado mkononi.

Mwanaasha alitoka na kisamvu, akaona, na sauti aliyotoa sitaiandika.

"Simama sawa!" askari akasema.

"Hatibu," Bibi Chausiku akasema toka ndani ya ushungi, "mfungue yule."

"Yupi?"

"Yule. Ni mkwe wangu."

Hatibu alitazama, akafahamu. Nilimwona akifahamu, uso ulimshuka. Akamgeukia askari. Askari akasema funguo ziko bomani, na mnyororo ni mmoja, wakifunguliwa wamefunguliwa wote.

"Basi nenda nao, uniletee mnyororo mwingine."

"Mama," Hatibu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekesha, "mimi sichagui shingo. Boma hunipa mnyororo kama ulivyo. Ndio watu niliopata. Leo ni hawa, kesho ni hawa."

Mimi nilifungua mdomo. Nilipata kitako cha bunduki ubavuni, na mpaka sasa navuta pumzi kwa upande mmoja. Sisemi ili unipe pole.

Hapo Maneno akasema, mgongo ameugeuza, shingo imepinda kwa nguvu ya chuma. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ingia ndani, mama. Funga mlango. Mimi nitafumba macho. Sitaona kitu."

Mama yule akamjibu taratibu, kama watu wanaozungumza kupitia ukuta wa fito: "Utafumba macho, baba. Na pua je? Na mikono je? Utalishikaje tena tonge kwa mikono hiyo, kila ukinikumbuka?"

Mabega ya Maneno yalitikisika, na mnyororo ukatikisika naye, tukasikia.

Ndipo Bibi Chausiku alipokwenda chooni, akakaa. Juu ya kifuniko, juu ya magogo yale, katikati kabisa, miguu ameinyoosha, upawa mapajani. Akasema: "Shimo hili ni langu. Halifunguliwi."

"Mama, nyumba itavunjwa," Hatibu akasema.

"Najua."

"Utavunjiwa nyumba kwa ajili ya mavi?"

"Ya nani, Hatibu? Na yabebwe na nani?"

Askari alichoka kusikiliza. Hakumpiga yeye. Ana akili askari yule, alijua pa kupiga; alimpiga Maneno, mgongoni, huku akimtazama mwanamke. Na Maneno, kila kiboko kiliposhuka, alisema neno lile lile: "Usinyanyuke, mama." Kilishuka tena. "Usinyanyuke." Mwanaasha alijitupa chini, na mtoto mgongoni analia, na Bibi Chausiku alikuwa ameuma ncha ya ushungi, machozi yanatiririka, na hakunyanyuka. Mpaka Hatibu akaushika mkono wa askari, akamwambia, "Basi. Basi, ndugu yangu, jua limekuwa kali. Tutakuja kesho."

Mlikuwa wapi? Kutoka pale uani hadi dirisha la karibu mtu anaweza kutupa embe. Mlisikia kila kiboko.

Askari hakuondoka kabla ya kula. Alichota makande ya Bibi Chausiku kwenye chungu, akala amesimama, na wale wa mnyororo wakimtazama mdomoni. Hatibu hakula. Alipokuwa akitoka nilimfuata mpaka kwenye kona ya Akbarali, nikimwita majina ambayo hayafai karatasini. Aliyapokea yote. Kisha akasema: "Rehani, kesho baada ya sala ya Ijumaa nitarudi na mnyororo ule ule. Bwana atakuwa nyuma yangu. Nikilikuta shimo limejaa, nitalifungua, na yule mama atanyanyuliwa na askari, na mkwewe ataingia. Akizuia, nyumba inakwenda chini. Sina njia."

"Na ukilikuta tupu?"

Alisugua bamba lake kwa kidole gumba. "Nikilikuta tupu," akasema, "sina cha kufungua. Bwana haulizi nani ameshika debe. Huuliza mwenye cheti, kazi imekwisha? Nitasema imekwisha."

"Utasema umefanya wewe."

"Nitasema imekwisha. Lakini askari akimkuta mtu na debe kabla sijafika, mimi simjui mtu huyo."

Mnaona? Hiyo ndiyo ruhusa yote tutakayoipata hapa duniani. Na sifa za mavi acha azichukue yeye, aziweke ndani ya mwanzi wake.

Nilirudi kwa Bibi Chausiku. Alikuwa bado amekaa. Mnyororo umekwisha kwenda, uani hakuna mtu, nikamwambia anyanyuke, akapumzike. "Nikinyanyuka watarudi," akasema. Nikamwambia hawatarudi leo. "Nawe ulisema watu watakuwa wa mbali," akanijibu. Sikusema hivyo, yeye ndiye alisema. Mwanaasha alikuwa amemkatia jani la mgomba la kujikinga manyunyu. Adhana ya magharibi ililia. Alitazama upande wa msikiti, akatazama alipokaa, mahali pasipofaa sala. "Nitazilipa," akasema. "Mungu anajua nimekaa wapi, na kwa nini."

Mihambo alikuja wakati ule, ametoka kuchoma mkaa, habari amezipata njiani. Alisimama mbele yake muda, kichwa upande.

"Bibi Chausiku, nilikuomba kazi ukaninyima. Kumbe ulitaka kutamia mwenyewe. Vifaranga lini?"

Nilidhani atamrushia upawa. Alicheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kimechanganyika na kilio, akacheka mpaka akashika mbavu, na Mihambo akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole ambao watani huuficha: "Nipe sasa. Kwa mtani hakuna aibu. Mungu alituwekea utani kwa siku kama hii."

"Utaniimba, Mihambo."

"Nitakuimba mpaka Tabora."

"Niimbe," akasema. "Lakini peke yako huwezi."

Na ndilo neno lenyewe. Peke yake hawezi. Shimo ni refu, na yaliyomo yanapaswa kuchimbiwa kwingine, mfereji mpana wa kuyapokea, kisha ufunikwe majivu na udongo na kusawazishwa, mpaka pasionekane. Mihambo ametoa uwanja wake wa mkaa, ambako ardhi ni nyeusi na hakuna atakayeuliza. Akbarali, ambaye hakufungua mlango jana hata kwa mteja, alimtuma mkewe Sherbanu usiku na gunia la chokaa. Akaliacha nje ya uzio bila neno. Sawa. Hata hilo ni kitu. Mwanaasha alianza kuchimba usiku wa manane, mtoto mgongoni, kwa jembe lililovunjika mpini. Mimi nimechimba mpaka ubavu ukakataa, ndipo nikakaa kuandika haya, kwa kuwa mkono bado unafanya kazi, na karatasi inaweza kupita mnapofunga milango nikibisha.

Utasema unaogopa kiboko. Ogopa, hata mimi naogopa. Lakini askari ana mkono mmoja wa kupigia. Mkiwa wawili uani, atawalaza wote wawili. Ukiwa mtaa mzima, kila mtu na debe lake, atamlaza nani, aanzie wapi, na Bwana yuko njiani anataka kuona kazi imekwisha?

Utasema leo ni Ijumaa na kile ni najisi. Kijito cha Kikundi kina maji, yamejaa. Utaoga, utavaa kanzu yako, utawahi khutba. Ningependa kujua utasimamaje kwenye safu, ukisema amina, na hapo karibu, umbali wa kutupa embe, mama yule amekaa juu ya kifuniko anamngoja mkwewe.

Na utasema mtu na mkwewe hawatazamwi. Kweli, hawatazamwi. Basi njoo ufanye wasionane. Hiyo ndiyo heshima yake, nyingine sijui.

Ukungu umeanza kupanda kutoka upande wa Kilakala, jua litatoka. Bibi Chausiku amekaa pale tangu jana. Amesema atanyanyuka akiona watu wanaingia kupitia migomba, watu wa mtaa wake, wenye nyuso. Mihambo amesimama na debe moja. Umemaliza kusoma, huna tena ulichokikosa. Mpe karatasi wa nyumba ya pili, chukua debe, chukua jembe, majivu ya jikoni kwako, toka mlango wa mbele ili uonekane. Usingoje adhana. Nyanyuka sasa.